Tundu Lisilo Tundu: Mkemia Mario Molina na Deni Letu Wanakiswahili

Miaka kadhaa iliyopita, siku chache kabla ya tarehe 16 Septemba, ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa siku ya uhifadhi wa tabaka la ozoni, niliombwa na shirika moja nitafsiri kijikaratasi cha kugawiwa wananchi. Kilikuwa kurasa mbili tu. Nilikaa usiku mmoja nikakimaliza, nikajipongeza. Palipotajwa shimo la ozoni niliandika "tundu katika tabaka la ozoni", na kwa kuwa nilitaka msomaji aguswe moyo, nikaongeza kwa kalamu yangu mwenyewe kwamba tundu hilo linapitisha joto la jua linaloikausha mito yetu. Siku ya hafla nilialikwa nikisome hadharani. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyeketi safu ya mbele aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hilo tundu liko juu ya kaunti gani? Na lilitobolewa na nani?" Watu walicheka. Mimi nilibabaika, nikasema neno juu ya viwanda vya ng'ambo, kisha nikaketi.

Mzee yule hakukosea; mkosaji alikuwa mfasiri. Maneno nilikuwa nayo, tena yaliyokwisha kupita katika kamusi za istilahi, lakini nyuma yake hapakuwa na ufahamu wowote wa jambo lenyewe. Sikujua ozoni ni kitu gani, nani aligundua kwamba inaharibiwa, alijuaje ilhali haionekani kwa macho, wala kwa nini mataifa yote yalikubaliana kuacha kutengeneza kemikali fulani. Nilikuwa kasuku aliyefunzwa lugha mbili badala ya moja.

Katika vyama vyetu vya Kiswahili na katika majarida kama hili, aghalabu tumelijadili suala la Kiswahili na sayansi kana kwamba ni suala la istilahi peke yake. Tunauliza: je, Kiswahili kinaweza? Kisha tunajibu kwa orodha ya maneno. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kisingizio cha kukosa maneno kimepungua nguvu sana. Ninachodai katika makala haya ni kwamba tumeanzia mwisho. Istilahi hushika mizizi pale inapotumiwa kusimulia jambo ambalo msomaji ana hamu ya kulijua, na sijaona simulizi inayofaa kazi hiyo kuliko maisha ya mtafiti, yakisimuliwa pamoja na utafiti wenyewe na si tuzo zake tu. Nimemteua Mario Molina wa Meksiko kwa sababu mbili. Kwanza, kijikaratasi changu kisingalikuwepo bila yeye. Pili, suala la lugha lilimwandama tangu utotoni hadi uzeeni.

Molina alizaliwa katika jiji la Mexico tarehe 19 Machi 1943. Baba yake alikuwa wakili na mhadhiri wa chuo kikuu, ambaye baadaye alitumikia taifa lake kama balozi, mojawapo ya vituo vyake kikiwa jirani yetu Ethiopia. Mtoto Mario alitazama vijidudu kwa hadubini ya kuchezea, akapagawa. Aligeuza bafu moja la nyumbani kuwa maabara, na shangazi yake Esther, aliyekuwa mkemia, akamsaidia kufanya majaribio ya kiwango cha wanafunzi wa chuo. Alipokuwa na umri wa miaka 11, wazazi walimpeleka shule ya bweni nchini Uswisi. Sababu yao yafaa isomwe mara mbili na kila mwanafunzi wa isimujamii: iliaminika kwamba mkemia hana budi kujua Kijerumani. Molina mwenyewe ameandika kwamba alifurahia sana kwenda Ulaya, lakini alivunjika moyo kuona wenzake wa Uswisi hawaipendi sayansi kuliko rafiki zake aliowaacha nyumbani.

Hebu tulitazame jambo hilo la Kijerumani. Katikati ya miaka ya 1950 familia ya wasomi wa Meksiko iliona Kijerumani ndiyo lugha ya kemia. Miaka 20 baadaye, makala yaliyomletea mtoto huyo sifa ya ulimwengu yalichapishwa kwa Kiingereza. Lugha ya kwanza ya mwandishi wake ilikuwa Kihispania. Wanaotuambia kwamba sayansi ina lugha yake ya asili, na kwamba Kiswahili ni mgeni asiyealikwa, wangetuambia kwanza lugha hiyo ya asili ilihama lini kutoka Berlin.

Sitakawia katika masomo yake ya awali. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko mwaka 1960 kusomea uhandisi wa kemikali, akaendelea Freiburg nchini Ujerumani, akapitia Paris, akarudi nyumbani kufundisha, na hatimaye mwaka 1968 akaingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa shahada ya uzamifu. Huko alimkuta profesa George Pimentel, bingwa wa leza za kemikali na wa spektroskopia ya molekuli. Hapa ndipo ninapotaka tutulie, maana bila kuielewa spektroskopia hakuna kitu kingine katika maisha ya Molina kitakachoeleweka.

Mfikirie mama aliyeacha sufuria tano jikoni. Akirudi akakuta mchuzi wa nazi umepungua na vingine havijaguswa, hahitaji shahidi. Anajua ni mtoto yupi aliyepita. Mwanaspektroskopia naye hufanya vivyo hivyo. Hupitisha nuru ndani ya gesi, kisha hukagua upande wa pili ni rangi zipi zimepungua. Kila aina ya molekuli hufyonza nuru ya urefu wake maalumu wa mawimbi na kuziacha nyingine zipite. Nuru ya infraredi, ambayo jicho haliioni, huzifanya molekuli zitikisike kama nyuzi za fidla, na kila molekuli ina sauti yake. Nuru ya urujuanimno ina nguvu zaidi, na ikifyonzwa yaweza kuivunja molekuli vipande. Kilichopungua ndicho kinachomtambulisha mlaji. Kwa njia hiyo mtu aliyeketi maabarani anaweza kujua kilichomo katika hewa ambayo hajawahi kuigusa. Wakati fulani Molina alifikiria kuwa mpiga fidla wa kulipwa. Mimi naona hakuachana na nyuzi, alibadilisha ala tu.

Huko Berkeley alichunguza jinsi nishati inavyogawanyika ndani ya molekuli zilizotoka tu kuzaliwa katika mmenyuko wa kemikali. Ilikuwa kazi safi isiyomgusa mtu wa kawaida. Lakini aligundua kwamba mahali pengine leza za kemikali za nguvu kubwa zilikuwa zikiundwa ziwe silaha, na jambo hilo lilimkera. Alitaka ujuzi wake uwafae watu. Alihitimu mwaka 1972, na mwaka uliofuata akajiunga na profesa Sherwood Rowland katika chuo kikuu hicho hicho, tawi la Irvine. Rowland alimpa orodha ya mada achague. Molina alichagua ile aliyokuwa na ujuzi nayo kidogo kuliko zote: kufuatilia ziendako gesi ziitwazo klorofluorokaboni.

Gesi hizi zilikuwa fahari ya viwanda. Zilitiwa katika majokofu, katika mikebe ya kupulizia marashi na dawa za wadudu, na katika utengenezaji wa sponji za magodoro. Haziwaki, hazina sumu, hazioshwi na mvua. Mwingereza James Lovelock alikuwa tayari amezipima katika hewa ya bahari ya Atlantiki, mbali na viwanda vyote. Swali la Rowland na Molina lilikuwa la kitoto kwa urahisi wake: kitu kisichooza na kisichoyeyuka huishia wapi? Jibu lilipatikana kwa kusoma spektra. Hewa ya chini haina nuru ya kuzivunja, kwa hiyo gesi hizo hupanda polepole, mwaka baada ya mwaka, hadi stratosfera, kilomita 20 na zaidi juu ya vichwa vyetu. Huko hukutana na nuru kali ya urujuanimno ambayo haijachujwa bado, ya urefu wa mawimbi unaokaribia nanomita 200, nazo huifyonza na kuvunjika. Kinachotoka ni atomu ya klorini iliyo peke yake.

Ozoni ni molekuli ya atomu tatu za oksijeni. Klorini hunyakua atomu moja kati ya hizo tatu. Kisha hukutana na atomu ya oksijeni inayozurura, humkabidhi ile aliyoinyakua, na hubaki mikono mitupu, tayari kunyakua tena. Ni mwizi ambaye kila baada ya kuiba hukabidhi mali kwa mwingine, hivyo hakamatwi na kidhibiti chochote. Atomu moja ya klorini yaweza kuharibu molekuli za ozoni zipatazo 100,000 kabla haijanaswa. Nayo ozoni ya kuharibiwa si nyingi hivyo. Kama ozoni yote iliyo juu yetu ingeteremshwa hadi usawa wa bahari na kubanwa kwa uzito wa hewa ya huku chini, ingekuwa na unene wa milimita 3 hivi, mfano wa sarafu mbili zilizopandanishwa. Hicho ndicho kinachozuia sehemu kubwa ya nuru ya urujuanimno isitufikie na kutuletea saratani ya ngozi na mtoto wa jicho.

Rowland alisimulia baadaye kwamba alirudi nyumbani siku moja akamwambia mkewe kuwa kazi inaendelea vyema, ila inaelekea kuwa mwisho wa dunia. Makala yao yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Juni 1974. Watu hawakushtuka. Nani asome karatasi yenye milinganyo? Basi mwezi Septemba mwaka huo, katika mkutano wa chama cha wakemia wa Marekani uliofanyika Atlantic City, wawili hao walifanya jambo ambalo wanasayansi wengi wa wakati ule waliliona kuwa la utovu wa adabu: waliwaita waandishi wa habari, wakaeleza kwa lugha ya kila siku walichokipata, wakasema gesi hizo zipigwe marufuku. Molina alikuwa na umri wa miaka 31, hana hata cheo cha kudumu.

Kwa maoni yangu hapo ndipo kilele cha maisha yake kilipo, si siku ya kupokea tuzo. Kugundua ni jambo moja. Kukubali kulitoa jambo katika lugha ya wataalamu na kulitia katika lugha ya mwenye jokofu ni jambo jingine, na lina gharama. Viwanda viliwashambulia. Inaripotiwa kwamba jarida moja la wafanyabiashara wa mikebe ya kupulizia lilidokeza kuwa huenda Rowland anatumiwa na majasusi wa Kisovieti. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: waliopinga walikuwa na hoja moja ya kweli, kwamba mwaka 1974 hakuna aliyekuwa amepima upungufu wowote wa ozoni angani. Yote yalikuwa hesabu na maabara. Hata hivyo, Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya gesi hizo katika mikebe mwaka 1978, kisha mjadala ukapoa.

Molina hakupoa nao. Usione vyaelea, vimeundwa. Miaka yake ya Irvine aliitumia kuchunguza michanganyiko isiyotaka kukaa kitako, kama vile nitrati ya klorini na asidi ya haipoklorasi, ambayo huvunjika mtafiti akiigeuzia kisogo. Ilibidi aitengeneze, aipitishie nuru kabla haijatoweka, na kuandika spektra yake, ili wale wanaokokotoa hali ya angahewa wawe na takwimu za kutegemea. Kazi kama hii haina picha ya kutia gazetini.

Mwaka 1982 aliacha kazi ya uprofesa akahamia maabara ya Jet Propulsion huko California, ambako alikuwa na wasaidizi wachache tu, kwa sababu alitaka kurudi kufanya majaribio kwa mikono yake mwenyewe. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa. Kwetu sisi msomi akipanda cheo huiaga chaki, na asiyeiaga huulizwa na jamaa zake ana kasoro gani.

Ilikuwa bahati njema kwamba alikuwa maabarani mwaka 1985, kwani mwaka huo Waingereza Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza kwamba juu ya kituo chao cha Halley katika Antaktika ozoni ilikuwa ikipungua vibaya kila majira ya kuchipua. Habari hiyo ilithibitisha hofu ya Molina na papo hapo ikampa aibu ndogo. Nadharia ya mwaka 1974 ilitabiri upungufu wa polepole, tena juu sana, kilomita 40 hivi. Huu ulikuwa wa ghafla, wa chini zaidi, na katika ncha ya dunia ambako hakuna kiwanda hata kimoja. Mshukiwa alikuwa klorini yule yule, lakini namna ya wizi haikueleweka.

Maelezo yalitoka kwa watu wengi, na ni dhuluma kumpa Molina peke yake. Mwanakemia Susan Solomon na wenzake walipendekeza mwaka 1986 kwamba siri imo katika mawingu ya barafu yanayojitokeza katika stratosfera ya ncha ya kusini wakati wa baridi kali. Kundi la Molina lilionyesha maabarani kwamba juu ya barafu michanganyiko inayoihifadhi klorini, ambayo hewani hutazamana tu bila kugusana, humenyuka upesi na kuiachilia huru. Yeye na mkewe wa wakati huo, Luisa Molina, naye mkemia, waliichunguza pia peroksidi ya klorini, molekuli inayoundwa na vipande viwili vyenye klorini vinapoungana. Kwa spektroskopia walionyesha jinsi inavyotokea na jinsi inavyofyonza nuru. Jua la Septemba likichomoza baada ya usiku mrefu wa ncha ya kusini, nuru huivunja, klorini hutoka, wizi huanza upya, safari hii bila kuhitaji ile oksijeni inayozurura. Fumbo likawa limefumbuliwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka miwili mitatu.

Sasa jambo hili linakuja nyumbani. Aliyeziketisha serikali mezani alikuwa Mmisri Mostafa Tolba, aliyeliongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka makao makuu yake jijini Nairobi. Mkataba wa Vienna ulitiwa saini mwaka 1985, na Itifaki ya Montreal tarehe 16 Septemba 1987. Ofisi inayoisimamia mikataba hiyo iko hapa Nairobi hadi leo, katika eneo la Gigiri. Mwaka 2009 mikataba hiyo miwili ilikuwa ya kwanza katika historia ya Umoja wa Mataifa kuridhiwa na nchi zote. Mwaka 2016 mabadiliko yake makubwa yalikubaliwa Kigali, ili kupunguza gesi zilizochukua nafasi ya zile za kwanza, ambazo haziidhuru ozoni lakini huongeza joto la dunia. Hivyo Nairobi na Kigali, miji ambayo Kiswahili kinasikika mitaani, imo ndani ya kisa hiki. Sijui ni wangapi kati yetu tunaoadhimisha Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai ambao tungeweza kukieleza kwa Kiswahili kwa dakika kumi bila kukwama.

Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1995 walipewa Molina, Rowland na Mholanzi Paul Crutzen, aliyetangulia kuonyesha nafasi ya oksidi za nitrojeni katika uharibifu wa ozoni. Wakati huo Molina alikuwa profesa katika taasisi ya teknolojia ya Massachusetts. Baada ya hapo alifanya jambo linalonivutia zaidi ya tuzo. Aliugeuza uso wake kuelekea hewa ya mji wake wa kuzaliwa. Jiji la Mexico limekaa katika bonde lililozungukwa na milima, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na moshi wa magari hunaswa humo kama moshi wa kuni katika nyumba isiyo na dirisha. Yeye na Luisa Molina waliongoza tafiti kubwa za hewa hiyo, wakitumia vifaa vya spektroskopia vilivyowekwa juu ya paa na ndani ya magari yaliyofuata magari mengine barabarani. Alianzisha kituo cha utafiti katika jiji hilo, akawa akizungumza na wanasiasa na waandishi wa nchi yake kwa Kihispania.

Na adui mmojawapo aliyepambana naye huko alikuwa nani? Ozoni. Ozoni iliyo juu ni ngao. Ozoni inayotokea barabarani, moshi wa magari unapopigwa na jua, huunguza mapafu. Molekuli ni ile ile, atomu tatu zile zile. Sisi tuliofundishwa kwamba maana ya neno hutokana na muktadha hatupaswi kushangaa, lakini kijikaratasi changu hakikuwa na nafasi ya jambo hilo, kwa kuwa mwandishi wake hakulijua.

Molina alifariki tarehe 7 Oktoba 2020 katika jiji alikozaliwa. Mwezi Juni mwaka huo alikuwa mmoja wa waandishi wa makala yaliyotetea uvaaji wa barakoa dhidi ya korona. Baadhi ya wataalamu walizikosoa vikali mbinu za takwimu za makala hayo. Nalitaja jambo hilo kwa sababu sipendi masimulizi ya watafiti yanayofanana na tenzi za mashujaa wasioguswa na mkuki. Mtu aliyesifika kwa kusema mapema alisema mapema mara nyingine, na safari hii wenzake hawakuridhika na ushahidi wake. Sifa ya mwaka 1974 haipungui kwa hilo.

Nirudi kwenye tundu. Neno hilo ni tafsiri sisisi ya sitiari ya Kiingereza iliyoenea baada ya mwaka 1985, nayo imetudanganya. Tundu lina ukingo. Ndani hamna kitu, nje mna kitu. Juu ya Antaktika hakuna ukingo wala utupu. Kuna upungufu unaozidi kila Septemba na Oktoba kisha kupoa. Juu ya Kenya tundu halijawahi kuwepo, na hilo ndilo jibu nililokosa kumpa mzee. Mimi napendekeza tuseme ozoni inachakaa, kama leso iliyofuliwa miaka mingi: haijachanika, lakini ukiiinua juani unaona nuru inapita. Najua nitapingwa. Mhadhiri mmoja niliyemweleza wazo hili alisema kwamba kitu kilichochakaa hakirudi upya, ilhali ozoni inarudi. Tathmini ya wanasayansi ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa hali ya Antaktika itafikia kiwango cha mwaka 1980 ifikapo mwaka 2066 hivi. Hoja yake ni nzito, na sijapata jibu. Huenda "kupungua" likatosha. Ninachofurahia ni kwamba tulibishana saa nzima juu ya neno kwa kutumia kemia, si kwa kutumia viambishi.

Kosa langu la pili lilikuwa kulifanya tundu kuwa mlango wa joto. Nuru ya urujuanimno si joto linalokausha mito. Joto la dunia linaongezeka kwa sababu gesi kama kaboni dioksidi hufyonza nuru ya infraredi inayotoka ardhini na kuizuia isitoroke. Hayo ni mambo mawili, japo si mageni kabisa kwa kila jingine, maana klorofluorokaboni zenyewe hufyonza infraredi kwa ulafi mkubwa. Kumbe nilikaribia ukweli kwa bahati nasibu, kama mtu aliyejibu mtihani kwa kupiga bao.

Kuna wenzangu watakaosema kwamba kazi hii ni ya wakemia, na kwamba mwanafunzi wa fasihi ana riwaya za kutosha za kuhakiki. Sikatai kwamba riwaya zipo. Lakini mkemia wa Kenya hufunzwa, hutahiniwa na huandika kwa Kiingereza, na kijikaratasi kikitakiwa kwa Kiswahili haitwi yeye, tunaitwa sisi. Tuwe tayari au tusiwe tayari, tutaitwa. Kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990, idara ya utabiri wa hali ya hewa imekuwa ikirusha puto kutoka Dagoretti, Nairobi, kila wiki, likiwa limebeba kifaa cha kupima ozoni hadi stratosfera. Kwenye Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kuna kituo cha kuchunguza angahewa kilichofunguliwa mwaka 1999. Naomba wahariri wa jarida hili watenge kurasa chache katika kila toleo, na wanafunzi wawili wawili, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa sayansi, waende mahali kama hapo na kurudi na simulizi, si orodha ya maneno.

Mimi nimeanza kulipa deni langu kwa kukiandika upya kijikaratasi kile. Aya yake ya kwanza sasa inasema hivi: "Juu sana angani kuna gesi iitwayo ozoni, chache mno, inayotuchujia nuru kali ya jua. Gesi zilizotumiwa zamani katika majokofu na mikebe ya kupulizia zilipanda huko, zikavunjwa na nuru hiyo, na klorini iliyotoka ikaanza kuila ozoni. Inapungua zaidi juu ya Antaktika, mbali sana na Kenya. Gesi hizo zimepigwa marufuku dunia nzima, na ozoni imeanza kurudi. Jokofu kuukuu likiharibika, usilitoboe. Mwite fundi anayejua kuikusanya gesi iliyomo." Bado sijaridhika na "kuila". Msomaji aliye na kitenzi bora zaidi na akiletee jarida hili kabla ya Septemba ijayo, kwani nimeahidi kukisoma kijikaratasi hicho mahali pale pale, na mzee yule ameambiwa.